Dispensari ya Ng'ambo ya Reli

Dispensari ilikuwa karibu na nyumba yangu kiasi kwamba asubuhi niliweza kusikia stovu ya kuchemshia sindano ikivuma. Hata hivyo nilikohoa zaidi ya miaka miwili bila kuketi kwenye benchi lake. Wanaoijua habari hii huniuliza kwa nini, na wengine huniuliza kama mtu aliyeshika fimbo. Nitaeleza nilivyofanya, bila kujitetea sana. Habari za vijidudu na mapafu waulizeni waliozisomea. Mimi nasema na yule anayekohoa sasa hivi ndani ya nyumba yake, mdomo ameuziba kwa leso ili jirani asisikie.

Naitwa Rasoa. Nilizaliwa Maragoli, nikaolewa huko huko na Musa, naye akanileta Bonde la Ufa kwa sababu ya kazi ya reli. Tuliishi kwenye stesheni ndogo kati ya Naivasha na Gilgil. Palikuwa na nyumba sita za reli mstari mmoja, tangi la maji, na vichaka vya leleshwa mpaka jicho linachoka. Kazi ya Musa ilikuwa kugeuza njia za reli na kupokea magari ya moshi kwa bendera. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana, Dina, ambaye wakati haya yanaanza alikuwa na miaka minne.

Ng'ambo ya reli ndipo palipokuwa na dispensari, vyumba viwili na baraza, kwa ajili yetu na watu wa mashamba ya jirani. Dresa wake, aliyefunga vidonda na kutoa dawa, aliitwa Elisha. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Musa, kwa hiyo nilimwita shemeji naye akaniita shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Lakini wagonjwa walikaa kwenye benchi barazani, naye alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa mto: "Wewe mama, tumbo ni la kuhara ama la kufunga?" Na mama alijibu mbele ya wote. Siku moja mke wa mtu wa tangi la maji alikwenda na ugonjwa wa siri. Kabla hajavuka reli kurudi kwake na dawa, nyumba zote sita zilikuwa zimejua, na mumewe alimpiga jioni ile ile.

Tena Elisha kila likizo alikwenda Maragoli, na huko alilala kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe hakuwa amenikubali sawasawa kwa kuwa nilizaa mara moja tu. Kwetu ugonjwa wa kifua haukutajwa kwa jina. Nyumba ikijulikana ina kifua, binti zake hawaolewi na wake zake hurudishwa kwao. Nilikuwa nimeona mmoja akirudishwa, na sanduku lake kichwani.

Kikohozi kilianza mwezi wa saba, wakati wa baridi, ukungu ukipanda kutoka upande wa ziwa. Nikasema ni moshi wa kuni. Halafu nikasema ni vumbi la reli. Mvua fupi zikaja, vumbi likalala, kikohozi hakikulala. Alasiri joto lilinipanda mwilini, na nikiamka shuka lilikuwa limelowa. Leso niliyokuwa nikiifunga mara moja kiunoni ikawa inanizunguka karibu mara mbili. Makohozi niliyatema kwenye kopo lenye majivu nikayafukia nyuma ya choo. Musa alikuwa akifanya kazi kwa zamu, na kwa sababu ya baridi Dina alilala nami kitanda kimoja, mgongo wake kifuani pangu.

"Nenda kwa Elisha," Musa aliniambia.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Elisha akijua, mama yako atajua."

Musa alitazama chini. Alijua nasema kweli. Kesho yake alikwenda mwenyewe dispensari akadai ni yeye anayekohoa, akapewa chupa ya dawa ya maji, nyeusi na tamu. Elisha akamshauri aache sigara. Musa hakuwa mvutaji wa sigara. Tulicheka siku ile, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa, na kwenye leso nikaona alama nyekundu, ndogo kama mbegu ya mtama. Sikumwonyesha.

Nilijua hospitali ya Nakuru ina mashini ya kupiga picha ya kifua. Musa aliniombea kwa stesheni masta kibali cha kusafiri kwa treni, akasema nakwenda kumwona dada yangu. Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na kwenye stesheni askari walikuwa wakikagua vipande vya watu, zile karatasi za kuwatambulisha, hasa Wakikuyu. Mimi hawakunishughulikia. Niliketi dirishani nikaangalia Gilgil ikipita, Elmenteita na ziwa lake, Lanet, nikahesabu mara ngapi nimekohoa.

Pale hospitali tulikaa kwenye veranda ndefu. Mmoja akiitwa, wote tulijisogeza mbele kidogo kwenye benchi. Nilikaa hapo toka asubuhi mpaka saa tisa, na nakiri kwamba nilifurahi. Hakuna aliyenijua. Upande wangu wa kulia alikuwa mzee wa Kikipsigis aliyefungwa jicho, kushoto mama wa Kiluo mwenye mimba. Huyo mama ndiye aliyeniambia mambo ya pale. "Ukiwa na kifua," alisema, "watataka watoto wako waletwe nao wapigwe picha. Na wanaandika barua mpaka kwenye kazi ya bwana." Sijui kama lile la barua lilikuwa kweli. Nililiamini kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliogopa.

Karani alikuwa kijana mwenye shati jeupe. Alikuwa mpole.

"Jina?"

"Kadesa." Hilo lilikuwa jina la nyanya yangu.

"Unakaa wapi?"

"Hapa Nakuru. Nyumba za reli."

"Una watoto?"

"Sina."

Akaandika. Kalamu yake haikusimama hata kidogo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi kutoka kuliko kohozi.

Walinisimamisha kifua wazi mbele ya ubao baridi, wakanirudisha kwenye benchi. Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka, akaitazama picha kwenye taa, akasema maneno mengi, na mkalimani akayafupisha: "Kifua chako kimeharibika upande wa kulia. Utalala hapa miezi mitatu, upigwe sindano kila siku. Una bahati, kuna kitanda kimoja."

Nilirudi nyumbani siku chache kujitayarisha. Mimi na Musa tukakubaliana kuwaambia watu kwamba namwuguza dada. Dina tukamwacha kwa yule mke wa mtu wa tangi la maji, ambaye hakuniuliza kitu. Nadhani alikuwa amejifunza thamani ya kutoulizwa.

Wodi yetu ilikuwa na madirisha yasiyofungwa, hata mvua ikinyesha, kwa sababu waliamini hewa baridi ni dawa. Tulivaa masweta juu ya magauni ya hospitali. Sindano ilikuja asubuhi, leo tako la kulia, kesho la kushoto, mpaka pande zote zikawa ngumu kama muwa na kukaa kukawa shida. Wiki ya tano masikio yalianza kulia. Mlio ule haukuwa na mapumziko, kama inzi aliyefungwa kwenye chupa, na nilipotembea sakafu iliinama upande mmoja. Nilimwambia sista Mzungu. Akasema kwa Kiswahili chake, "Sikio iko shida kidogo. Kifua iko shida kubwa. Sisi natengeneza kifua."

Halafu kulikuwa na vidonge. Vilikuwa vikubwa, vya kunuka, na tulivimeza vingi mara tatu kwa siku. Vilinichafua tumbo hata nikawa naviogopa kuliko sindano. Aliyenifundisha kuvimeza ni mwanamke wa kitanda cha pili, Wangari, wa kutoka Kabazi. "Usivinuse," alisema. "Uji uwache upoe kabisa. Weka dawa, kunywa, alafu uangalie dirisha uhesabu mabati ya ile nyumba. Ukifika ishirini, imekaa." Ilikuwa kweli. Mpaka leo nikisikia kichefuchefu huhesabu.

Nilimwuliza kwa nini alikaa na ugonjwa mpaka akaletwa na lori la maziwa, damu ikimtoka mdomoni. Kwao shambani palikuwa na dispensari.

"Iko, na iko karibu," alisema. "Watu wote wa shamba tumewekwa mahali pamoja, waya imezunguka. Dispensari iko mlangoni kabisa, karibu na askari. Ukipanga laini ya dawa, unaulizwa bwana yako ako wapi. Mimi sijui bwana yangu ako wapi. Kwa hivyo sikupanga laini."

Mtu akifa, kitanda kilibaki wazi siku moja na godoro likaanikwa nje juani. Hakuna aliyetuambia kitu. Tuliangalia tu godoro, tukajua ni la nani. Katika miezi ile mitatu niliona magodoro manne.

Jumapili watoto wa wagonjwa waliletwa kusimama nje kwenye nyasi, na mama zao wakawapungia mkono kutoka dirishani. Wangari alimwona mvulana wake mara moja tu, baada ya mjomba wake kupata ruhusa ya kusafiri naye. Musa alikuja mara mbili. Alisema Dina ananiulizia kila siku. Nilitamani amlete, asimame tu pale kwenye nyasi. Lakini kwenye kadi yangu sikuwa na mtoto.

Tuliruhusiwa kutoka wakati wa mvua ndefu, mimi na Wangari wiki moja. Yeye alipewa barua ya kupeleka dispensari ya kwao, aendelee na dawa huko. Aliikunja, akaitia kwenye mkanda wa sketi. "Nitaipeleka," alisema, na sote wawili tulijua hataipeleka. Mimi sikupewa barua. Sista alisoma kadi yangu akafurahi. "Wewe nakaa hapa Nakuru. Mzuri. Kuja chukua dawa kila wiki, mwaka moja na nusu."

Uongo niliomwambia karani ulinifunga hivyo. Kila wiki, kutoka stesheni yetu, bila mtu kujua! Musa aliomba kibali mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu stesheni masta alimwuliza dada yangu ana ugonjwa gani usiokwisha. Nilipanda lori la mboga mara mbili. Halafu nikakosa wiki mbili, nikakosa mwezi. Na jambo lingine liliniponza: nilikuwa nimenenepa. Leso ilikuwa imerudi kufungwa mara moja. Watu waliniambia huko kwa dada nimekula vizuri. Mtu akinenepa hujiona amepona, na dawa inayomtapisha huiona ndiyo ugonjwa wenyewe. Vidonge vya mwisho nilivitupa chooni. Nilimrudisha Dina kitandani kwangu.

Mwaka uliofuata, baridi ilipopita, alianza kulalamika mgongo. Nilimkanda kwa mafuta. Alikuwa akicheza, akichoka anasimama ameweka mikono juu ya magoti kama mzee. Nilimwambia aache uvivu. Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Aliyeona ni Elisha. Dina alipenda kuokota vizibo vya chupa vilivyotupwa nje ya dispensari. Adhuhuri moja Elisha alikuwa amesimama mlangoni akamwona akiokota kimoja. Mtoto hakuinama. Alikunja magoti, akashuka wima kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, akaokota, akapanda wima. Elisha aliwaacha wagonjwa wake kwenye benchi, akamshika mkono, akavuka naye reli mpaka mlangoni pangu.

"Shemeji, mtoto amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi namna gani?"

"Mgongo wake haukunjiki."

"Alianguka pale kwenye ngazi ya tangi."

"Lini?"

Sikuweza kutaja siku, kwa sababu haikuwako. Elisha akapiga goti, akainua gauni la Dina, akashusha kidole kwenye uti wa mgongo polepole, mfupa kwa mfupa. Katikati kidole kilisimama. Pale palikuwa na mfupa umejitokeza kidogo, kama kifundo cha kidole. Dina akajivuta.

"Nani anakohoa katika nyumba hii?" aliuliza. Safari hii alisema kwa sauti ya chini sana. Sikujua kwamba anayo sauti hiyo.

"Musa," nilisema. Halafu kikohozi chenyewe kikanisaliti. Kilikuwa kimerudi tangu mwezi wa tano, na mimi nilikuwa nikikipa majina yale yale, moshi na vumbi. Nikageuka ukutani mpaka kikaisha. Nilipogeuka alikuwa anaiangalia leso yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Tangu baridi ya mwaka juzi. Nililala Nakuru miezi mitatu."

Elisha aliketi kwenye kizingiti. "Mwaka juzi. Na mimi niko hapo tu."

"Ungemwambia mama."

Hakukataa. Alimwangalia Dina ambaye alikuwa anapanga vizibo vyake sakafuni, magoti yamekunjwa, mgongo wima.

"Pengine ningemwambia," alisema. "Siwezi kuapa. Lakini huyu ningemwona mapema."

Sijasikia maneno mazito kuliko hayo, na aliyasema bila hasira.

Kesho yake tulipanda treni, mimi na Dina na barua ya Elisha yenye jina langu la kweli. Karani alikuwa yule yule. Aliisoma barua, akanitazama.

"Wewe si Kadesa?"

"Naitwa Rasoa."

"Kadesa alisema hana mtoto."

"Nilidanganya."

Benchi lote lilisikia. Nilingoja anikemee. Hakunikemea. Alitafuta kadi ya zamani, akakata jina kwa mstari mmoja, akaandika la kweli juu yake, na chini akaandika Dina. Ningeshukuru kama angenikemea.

Ugonjwa wangu ulikuwa umekula mfupa wa mgongo wake. Sista alieleza kwamba Dina atalazwa chali kwenye kitanda cha plasta ngumu, kilichotengenezwa kwa umbo la mwili wake toka shingoni mpaka magotini, afungwe humo, na asiinuke mwaka mmoja au zaidi. Nilikuwapo walipomfunga. Aliuliza kama ataruhusiwa kugeuka kulala ubavu. Walipomwambia hapana, hakulia. Aliuliza tena, akidhani hawakusikia. Alilia pale aliponiona mimi nimeelekea mlangoni.

Nilipokuwa pale nilimwuliza sista habari za Wangari. Aliniambia Wangari aliletwa tena karibu na Krismasi, akakaa siku nne. Godoro lake sikuliona, na nimejaribu mara nyingi kufikiri ni nani aliyelitazama.

Hapakuwa na kitanda changu safari hiyo. Daktari aliandika nipigwe sindano na Elisha kila siku. Kwa hiyo nilivuka reli nikaketi kwenye lile benchi, baina ya watu wa mashamba na majirani zangu. Walinisogelea mwanzoni, kisha walipojua wakasogea mbali nami, na benchi likabaki na pengo pande zangu zote mbili. Siku ya tatu Elisha akanipiga sindano, akaniuliza, "Shemeji, nieleze. Watu wangapi wananipita hivi?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za mke wa mtu wa tangi. Nilimwambia jinsi anavyouliza kwa sauti, na kwamba tumbo la mtu ni la mtu. Alikuwa anapangusa sindano, akaendelea kuipangusa kitambo baada ya kuwa safi. Wiki iliyofuata nilikuta ametundika blanketi kati ya baraza na chumba, anaita mmoja mmoja ndani. Sauti yake bado ilipenya lile blanketi. Lakini alikuwa anajitahidi, na nilimwona akijikumbusha katikati ya neno. Mara moja dawa ilikwisha, gari la kuileta halikuja, naye akaendesha baiskeli mpaka Naivasha na kurudi kwa ajili yangu na mzee mmoja wa shambani. Hakuwa ameagizwa na mtu.

Sikio langu la kushoto lilizimika kabisa miezi ile. Treni ikija kutoka upande huo naijua kwa kutetemeka kwa sakafu.

Mama mkwe alikuja wakati wa kiangazi. Alishuka treni na kikapu chake, akanisalimu kwa mbali, akaingia jikoni akatenga kikombe kimoja na sahani moja na kufunga kamba nyekundu kwenye sikio la kikombe. "Hiki ni chako," alisema. Alikuwa na haki, maana hata hospitali walinifanyia hivyo. Lakini kamba ile iliniuma. Nilisema, "Elisha alikwambia."

Alinishangaa. "Elisha hajaniambia neno mpaka leo. Nimemlaumu kwa hilo. Ni Musa aliyeniandikia, ulipolazwa mara ya kwanza."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Alikuwa amejua muda wote. Kwa miaka karibu miwili nilificha jambo kwa mtu aliyekwisha kulijua, na kwa ajili ya kuficha huko mtoto wangu alikuwa amefungwa kwenye plasta. Musa aliporudi kutoka zamu nilimwuliza. Alisema, "Niliogopa. Nilikuwa sina mwingine wa kumwambia." Hata yeye alikuwa anahitaji mlango wa kubisha, na mimi nilikuwa nimemfungia ule wa karibu.

Baada ya mavuno Musa alioa mke wa pili, huko nyumbani. Hakunifukuza. Nusu ya lile nililoliogopa ilikuja, nikaona kwamba mtu anaweza kuamka kesho yake akachota maji.

Nilimaliza dawa zangu zote, mwaka mmoja na miezi sita, kwa Elisha, bila kukosa siku ambayo dawa ilikuwako. Picha ya mwisho ilikuwa safi, ila kovu. Kama wewe unaikwepa dispensari ya karibu, sitakuambia kwamba hofu yako ni ya bure. Wangari hakuwa mjinga. Mimi pia nilikuwa na sababu. Nakuambia tu kwamba ugonjwa huu ni mrefu, na kitu kirefu hakibebeki mpaka mbali kila wiki. Tena nenda na jina lako, na uwataje wote wanaolala kitandani mwako.

Dina alitoka kwenye plasta baada ya miezi kumi na mitano. Ilibidi ajifunze kusimama upya, akinishika kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umepona na umepinda, na haukunyooka tena. Nilimshonea gauni pana lenye mikunjo mingi mabegani, la kufunika kile kinundu, na akaenda nalo shule, joto au baridi.

Mwaka huu ametimiza miaka tisa. Jumamosi moja tulikuwa tukichambua mchele, akaniuliza kwa nini wakati nimelazwa mara ya kwanza hakuletwa kusimama kwenye nyasi kama watoto aliowaona kutoka kitandani kwake. Ningeweza kusema alikuwa mdogo mno. Nilimwambia kweli. "Niliulizwa kama nina mtoto, nikasema sina."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, akiyaweka ukingoni mwa ungo. Kesho yake hakusema nami isipokuwa lile lililohitajika. Jumatatu asubuhi, kabla ya shule, alisimama mbele yangu ameshika lile gauni pana mkononi, akaniuliza kama anaweza kuacha kulivaa.

Nikamwambia aache. Akavaa la kawaida, lenye kubana mgongoni, nikamfunga vifungo, naye akatoka akapita mbele ya nyumba zote sita.